Mtoto akizidiwa usiku: jinsi ya kujua kama anaweza kungoja asubuhi, na cha kufanya mkiwa bado njiani

Naandika hii kwa wazazi na walezi wa huku kwetu Kigoma, mlioko Mwanga, Gungu, Ujiji, mlioko Kasulu na Kibondo, na zaidi nyie wa vijiji vya mwambao kule kusini, Buhingu, Kalya na wengineo ambao kutoka nyumbani hadi hospitali kubwa kuna maji katikati. Mimi ni nesi na kinachoniuma kuliko vyote kazini ni mtoto anayeletwa saa mbili asubuhi wakati kaacha kunyonya tangu jana jioni, ukimuuliza mama anakwambia tulikuwa tunasubiri kupambazuke. Mara nyingi ugonjwa wenyewe unatibika na dawa ipo, ila masaa ndo yameshaenda. Kwa hiyo lengo langu ni ujue kuamua jambo moja tu, huyu mtoto anaweza kungoja asubuhi au tunatoka sasa hivi.

Kwanza punguza kuamini joto. Watu wengi wanashika paji la uso, wakikuta lina moto wanashtuka, wakikuta limepoa wanalala, na hapo ndo tunapotea, kwa sababu mtoto anaweza kuwa na joto la 39 lakini anakunywa, anakuangalia, anamkimbiza kuku, huyo anahitaji kupimwa ila una muda, halafu kuna mwingine mwili umepoa kabisa, katulia, bibi anasema afadhali kalala, kumbe amelegea na ndo yuko hatarini kuliko yule wa joto.

Vitu vya kuangalia ni hivi. Je, ananyonya au anakunywa? Kama ameshindwa kabisa kunyonya au kumeza, ondoka. Je, anatapika kila kitu, yaani kila unachompa kinarudi, hata maji, hata dawa? Ondoka. Ameshikwa degedege katika ugonjwa huu, hata kama limeisha saivi? Ondoka. Amelegea, haamki vizuri, ukimwita au ukipiga makofi anafungua macho bila kukuangalia, hashtuki? Ondoka. Moja tu kati ya hizo inatosha, usisubiri zitimie mbili, na usirudi kwenye mjadala wa alikula nini jana. Hizi ni dalili za hatari kwa mtoto yeyote wa chini ya miaka mitano iwe ni malaria, nimonia, uti wa mgongo au kitu kingine, wewe nyumbani hulazimiki kujua jina la ugonjwa.

Kitu cha tano ni kupumua, na hapa nataka nikae kidogo kwa sababu nimonia inaua watoto wengi na inaweza kutambuliwa na mtu yeyote mwenye simu. Subiri mtoto atulie, asiwe analia wala ananyonya, akiwa usingizini ndo vizuri zaidi. Mpandishe nguo uone kifua na tumbo. Fungua saa ya simu, hesabu tumbo linavyopanda kwa dakika moja nzima, usihesabu nusu dakika ukazidisha maana watoto hawapumui kwa mpangilio. Mtoto wa chini ya miezi miwili akifika 60 au zaidi ni haraka mno, rudia kuhesabu, ikiwa bado ni 60 au zaidi nenda. Kuanzia miezi miwili hadi hajatimiza mwaka, 50 na kuendelea. Mwaka mmoja hadi miaka mitano, 40 na kuendelea. Mtoto mwenye kikohozi anayepumua hivyo anatakiwa zahanati siku hiyohiyo aanzishiwe antibayotiki.

Halafu angalia mbavu za chini. Akivuta pumzi, kifua cha kawaida kinapanuka pamoja na tumbo, lakini mtoto aliyezidiwa, pale mbavu zinapoishia panabonyea ndani kila anapovuta. Ukiona hivyo, au pua zinapanuka kila pumzi, au anaguna anapotoa pumzi, au anapovuta unasikia sauti ya mkwaruzo kooni wakati yuko katulia tu, hapo sio ishu ya dawa ya kikohozi tena. Midomo au ulimi ukiwa na rangi ya bluu huyo anahitaji oksijeni, na oksijeni haipo kila zahanati kwa hiyo kituo cha afya au hospitali ndo pa kwenda. Wakati wa kwenda usimlaze chali, mbebe amekaa kidogo kichwa juu, usimfunike uso. Na zile syrup za kikohozi madukani kwa kweli hazitibu nimonia, pesa hiyo weka ya nauli.

Malaria sasa. Mkoa wetu uko kwenye ile mikoa yenye malaria nyingi nchini kwa hiyo mtoto yeyote mwenye homa anatakiwa apimwe, kile kipimo cha tone la damu kidoleni kinatoa jibu ndani ya dakika kama ishirini na kwenye vituo vya serikali matibabu ya watoto wa chini ya miaka mitano sera ni bure. Usinunue mseto, ile dawa ya malaria, dukani ukampa bila kupima, kwa sababu kama ni nimonia umepoteza siku tatu nzima, na mtoto wa huku anaweza kuwa na malaria na nimonia kwa pamoja, kwa hiyo hata kipimo kikisema malaria, bado hesabu pumzi.

Akipewa mseto, dozi inaenda kwa uzito. Ya kwanza anapewa palepale, ya pili baada ya masaa nane, halafu asubuhi na jioni kwa siku mbili zinazofuata, jumla ni mara sita. Mpe pamoja na chakula chenye mafuta kidogo, uji wa karanga, maziwa, au maziwa ya mama kama bado ananyonya, maana dawa hii inaingia vizuri mwilini kukiwa na mafuta. Akitapika ndani ya nusu saa rudia dozi ileile, na kama kidonge kitapungua rudi kituoni uombe kingine. Akitapika tena huyo sio wa vidonge, ni wa sindano. Joto likishuka siku ya pili usiache, maliza.

Malaria ikiwa kali inajionesha kwa zile dalili za mwanzo, halafu kuna nyingine, mkojo mweusi kama chai ya rangi au kokakola, macho ya njano, na kupungukiwa damu. Damu ipimie kwenye kiganja, weka kiganja cha mtoto jirani na cha kwako au cha mtoto mwingine mzima, kikiwa kimepauka karibu na weupe, na mtoto anahema akiwa amelala tu, huenda atahitaji kuongezewa damu. Kwa hiyo unapotoka nyumbani usitoke peke yako, toka na ndugu mtu mzima aliye tayari kuchangia, baba, mjomba, shangazi, maana damu ya akiba sio kila siku ipo na kuanza kupiga simu za ndugu ukiwa wodini saa nane usiku ni mateso. Kama mtoto wako ana selimundu, ule ugonjwa wa damu wa kurithi, au anavimba viganja na miguu mara kwa mara na macho yanakuwa ya njano, usisubiri chochote, homa kwake ni emajensi hata kama anacheza.

Zahanati yoyote, hata ndogo, ikishaona ni malaria kali inatakiwa impe dozi ya kwanza kabla ya kumsafirisha, kuna sindano ya atesuneti na kuna ile ya kuweka njia ya haja kubwa kwa watoto wa chini ya miaka sita. Ndo maana nasema hata kama mnajua mtaishia Maweni, hospitali yetu ya mkoa, kama njia inapita zahanati, piteni kwanza mpewe hiyo dozi na karatasi ya rufaa, hizo dakika hazipotei. Wenye boti ndo msiruke hatua hii kabisa.

Degedege. Naomba mnisikilize hapa hasa mabibi zetu, shikamooni. Degedege halitokani na ndege wala upepo mbaya, ni ubongo wa mtoto umesumbuliwa na homa kali, malaria iliyopanda kichwani, uti wa mgongo au sukari kushuka. Likianza, mlaze mtoto ubavu mahali pa chini pasipo na moto wala jiwe ili mate na matapishi yatoke, mlegeze nguo shingoni, angalia saa limeanza lini. Usimtie kijiko mdomoni, usimmwagie maji baridi, usimbane mikono. Usimpe kitu chochote mdomoni hadi aamke kabisa, si dawa si maji si mafuta, kitaingia kwenye mapafu. Kumfukiza moshi kunamnyima hewa wakati anaihitaji kuliko wakati wote. Likiisha mtoto atalala, hapo ndo wengi wanasema asante Mungu limepita na wanazima taa, hapana, hapo ndo mnafunga safari.

Na ile imani kwamba mwenye degedege akichomwa sindano anakufa, naelewa ilikotoka. Watu waliona kwa macho yao watoto wanapelekwa wanachomwa na wanafariki. Lakini hao walishakaa kwa mganga siku mbili, walifika wameisha, sindano ikakuta hakuna cha kuokoa. Sindano ndo inayomponya, ikiwahi. Kama nyumbani mwenye sauti ni mama mkwe na yeye anataka kwanza dawa ya asili, usigombane naye usiku ule, mwambie kwa heshima, "Mama, naomba tukampime tu, tukirudi tutakaa tuongee," mpe na yeye khanga ya kumbeba mjukuu aende na wewe. Bibi akishaona mtoto kafumbua macho wodini anakuwa balozi mzuri kuliko sisi manesi.

Nikiwa hapohapo, kukata kimeo na kung'oa meno ya plastiki. Mtoto anaharisha, ana homa, anakohoa, mtu anaangalia kinywa anasema kuna meno ya nailoni, anachokonoa fizi na kitu kisicho safi. Kile kinachoonekana cheupe kwenye fizi ni jino la kawaida ambalo halijatoka, na kimeo ni nyama ambayo kila binadamu anayo. Wanaokatwa tunawapokea wanavuja damu au wana maambukizi kwenye damu juu ya ule ugonjwa waliokuwa nao mwanzo ambao haujaguswa. Tafadhali sana msikubali.

Kuharisha. Kinachoua hapa ni maji na chumvi kutoka mwilini, kwa hiyo kazi yako ni kurudisha na kazi hiyo inaanza nyumbani dakika hiyohiyo. Pakiti moja ya ORS, ile dawa ya unga ya kurudisha maji na chumvi mwilini, ni kwa lita moja ya maji safi, chupa mbili za nusu lita, basi. Wapo wanaoichanganya kwenye chupa ya lita moja na nusu ikawa nyepesi, wapo wanaoikoroga kwenye kikombe ikawa nzito, hii ya pili ni ya hatari. Maji ya ziwa yachemshe au yatie dawa kwanza hata kama yanaonekana meupe kama kioo, kipindupindu kimeshatutesa kwenye mwambao huu, mwaka 2015 pale Kagunga wengi wanakumbuka. Mchanganyiko ukikaa masaa 24 mwaga, koroga mwingine.

Mtoto wa chini ya miaka miwili mpe kama robo hadi nusu kikombe kila baada ya kuharisha, mkubwa zaidi nusu hadi kikombe kizima, na ampe mtu mwenye subira kwa kijiko. Akitapika subiri dakika kumi, anza tena polepole. Kama pakiti haipo na duka limefungwa, lita moja ya maji yaliyochemshwa, vijiko sita vya chai vya sukari vilivyosawazishwa na nusu kijiko cha chumvi, pima kweli, usikadirie kwa mkono kwa sababu chumvi ikizidi inadhuru. Omba na vidonge vya zinki, mtoto wa miezi sita kwenda juu ni kidonge kizima cha miligramu 20 kwa siku, wa chini ya hapo nusu, siku kumi zote hata kama kuharisha kumeisha, hii inasaidia hata wiki zijazo. Maziwa ya mama yaendelee, chakula kiendelee. Dawa za kufunga tumbo za watu wazima usimpe.

Unaondoka lini? Macho yameingia ndani, mdomo mkavu, hajakojoa muda mrefu, utosi wa mtoto mchanga umedidimia, au finya ngozi ya tumbo pembeni ya kitovu, ukiachia ikirudi taratibu badala ya kurudi palepale, amepungukiwa maji. Choo chenye damu ni kwenda hospitali. Choo kama maji ya kuoshea mchele kinachotoka mfululizo, nenda na ORS mkononi ukimnywesha njia nzima, na toa taarifa kwa mhudumu wa afya wa kijiji maana jirani naye anafuata.

Mtoto mchanga, yaani wa chini ya miezi miwili, sheria zake ni tofauti na kwa kweli ni rahisi, chochote kinachokutia wasiwasi ni kwenda. Hawa hawana nguvu ya kuonesha ugonjwa. Akiacha kunyonya kama kawaida yake, akipata joto la 37.5 kwenda juu au akiwa wa baridi, akipumua haraka, akiwa mzito kuamka, kitovu chekundu au chenye usaha, unjano ndani ya siku ya kwanza au unjano uliofika viganjani na nyayoni, huyo usimpe hata panadol ya kutuliza, mpeleke. Mweke kifuani ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, khanga juu yenu wote wawili, atafika akiwa na joto lake. Kitovuni usiweke majivu wala mavi ya ng'ombe wala mafuta ya mawese. Na kwa wachanga na mama waliojifungua karibuni kuna usafiri wa dharura wa m-mama, piga 115, ni bure, andikeni hiyo namba ukutani.

Shingo ikikakamaa, mtoto analia ukimkunja, utosi umevimba juu, hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo na kila saa ina maana. Surua nayo, vipele na macho mekundu na kikohozi, mpeleke apewe vitamini A na aangaliwe mapafu, na kama kadi ya kliniki inaonesha hakupata chanjo ya miezi 9 au ile ya miezi 18 nenda kamalizie, hata kama umechelewa hawatakufukuza.

Kuna mtoto mmoja ambaye watu hawamwoni kuwa mgonjwa, aliyevimba miguu yote miwili, bonyeza kwa kidole gumba ukiachia shimo linabaki. Wanasema amenenepa. Huyo ana utapiamlo mkali, na kinga yake ni ndogo sana kiasi kwamba nimonia inaweza kumpata bila hata homa. Pia yule wa miezi sita hadi miaka mitano ambaye ule utepe wa kliniki ukizungushwa mkono unasoma nyekundu, chini ya sentimita 11.5. Ugali wa muhogo peke yake unajaza tumbo bila kumjenga, na inasikitisha kwa sababu huku tuna dagaa, tuna maharage, tuna mawese mekundu yenye vitamini A, saga dagaa mtie kwenye uji, kijiko cha mawese juu. Lakini hiyo ni kwa kuzuia, akishavimba ni hospitali kwanza.

Sasa safari yenyewe. Kabla mvua hazijaanza, kaa na mwenzio mjue bodaboda gani anatoka usiku, mwenye boti gani anaaminika, nani anabaki na watoto wengine, pesa kidogo iko wapi. Ziwa likichafuka usiku usilazimishe, mpigie mhudumu wa zahanati aje au mpelekeni pale aanze dawa wakati mnasubiri litulie, na mkipanda vaeni jaketi. Kabla ya kutoka, kama mtoto ameamka na anameza, mnyonyeshe au mpe maji ya sukari, vijiko vinne vya chai kwenye kikombe cha mililita 200, maana mgonjwa asiyekula sukari inashuka na hiyo peke yake inaleta degedege. Panadol ya homa ni kwa uzito wake, pima kwa kikombe cha chupa yenyewe sio kijiko cha jikoni, acha masaa sita katikati, na aspirini usimpe mtoto kamwe. Beba kadi ya kliniki na maboksi ya dawa zote alizokunywa, na kama alipewa ya miti sema tu, hatukuhukumu, tunataka tujue cha kuchanganya na cha kuacha.

Ukifika ukakuta foleni ndefu usikae nyuma kimyakimya kwa adabu. Nenda mbele mwambie mhudumu yeyote aliyevaa sare, "Nesi, mtoto wangu hanyonyi, alishikwa degedege saa tisa." Maneno hayo mawili matatu yanakutoa kwenye foleni, na ni haki yako.

Mkiruhusiwa, uliza kabla hujatoka mlangoni, nirudi lini na nikiona nini nirudi haraka. Mpe mlo mmoja wa ziada kila siku kwa wiki mbili hivi arudishe uzito. Wa nimonia anayetumia amoksilini nyumbani arudi kuangaliwa siku ya tatu, au hata kabla ya hapo kama pumzi zinazidi. Na aliyetibiwa malaria kali kwa sindano, hata kama anaonekana kapona anakimbia, endelea kuangalia viganja na mkojo wake kwa wiki nne maana damu inaweza kushuka tena baada ya siku saba au zaidi, ukiona amepauka, amechoka, au mkojo umekuwa mweusi mrudishe siku hiyohiyo na uwaambie kwamba alichomwa atesuneti na lini.